Ndege wanakimbia kibanda changu: ninunue lenzi kubwa?

Swali ni la mwanafunzi mmoja wa hapa Mwanza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Mjomba wangu ana bwawa la samaki huku Luchelele, nyuma yake kuna mafunjo halafu ziwa. Nimejenga kibanda cha mabua ukingoni ili nipige picha za ndege. Nina kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 70–300. Nikifika tu saa mbili asubuhi wote wanaruka, na wakirudi wanakaa upande wa pili. Yangeyange nao wanatoka weupe kama karatasi, hata manyoya hayaonekani. Nimeanza kukusanya hela ya lenzi ya 600. Niendelee?"

Marahaba mwanangu. Hela hiyo iache kwanza ilipo. Tatizo lako liko kwenye kibanda, na kibanda kinarekebishika kwa siku chache na bei ya turubai moja.

Tupige hesabu ndogo. Kamera za aina yako nyingi zina kihisio, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, chenye upana wa milimita 23 na nusu hivi. Ukiwa na lenzi ya 300 na ndege akiwa mita 20 kutoka ulipo, fremu inabeba eneo lenye upana wa mita moja na nusu na ushee. Mdiria mdogo wa bluu, yule mwenye mdomo mwekundu, ana urefu wa sentimita 13 tu, mdomo na mkia pamoja. Kwenye fremu hiyo atachukua sehemu moja ya kumi na mbili, yaani ni nukta. Ukifunga lenzi ya 600 atachukua moja ya sita. Lakini ndege huyohuyo akitua mita tano mbele yako, lenzi yako hiyohiyo ya 300 itampa theluthi nzima ya fremu. Hizo mita 15 ulizopunguza zinakupa ndege mkubwa mara mbili ya yule ambaye lenzi ya 600 ingekupa kutoka ng'ambo ya bwawa. Tena hewa iliyo juu ya maji ikishapata joto hutetemeka, na picha ya mbali hupoteza ukali hata kama lenzi ni ya mamilioni.

Sasa kwa nini wanakukimbia. Saa mbili asubuhi ndege wameshaamka zamani na kila mmoja ana sehemu yake. Wanamwona mtu anapita juu ya tuta na kuzama kwenye kibanda. Kwao kibanda hicho sasa kina mtu ndani, na kitabaki na mtu ndani mpaka wamwone akitoka. Ndiyo maana wanarudi bwawani, kwa sababu njaa ipo, lakini wanakaa ng'ambo.

Jambo la pili ni hayo mabua. Umewahi kupita Magu au Misungwi mpunga ukikaribia kuiva? Utaona madungu, na juu ya dungu kijana anaamia ndege kwa kombeo na kelele za makopo. Jiwe la kombeo halichagui kati ya kwelea na yangeyange. Mimi naamini ndege wa kanda yetu wamejifunza kuogopa umbo lile la kibanda cha mabua kilichosimama peke yake juu ya tuta, na nimewaona wakitulia haraka zaidi mbele ya rundo la matete lisilo na umbo la nyumba. Kwa hiyo kibomoe. Funga fito chache ziwe kama mgongo wa kobe, zisizidi mita moja na robo kwenda juu, tandaza turubai la kijani iliyopauka au rangi ya tope, kisha lifunike kwa matete na mafunjo makavu uliyoyatoa mbali na bwawa. Nyuma yako pazibwe kabisa. Ukuta wa nyuma ukipitisha mwanga, ndege anakiona kichwa chako kikicheza dirishani, hata ukae kimya namna gani.

Dirisha lenyewe liwe dogo, na ulikinge kwa kipande cha neti nyeusi chenye tundu la lenzi peke yake. Halafu fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: tafuta chupa ya plastiki yenye unene wa lenzi yako, ipake masizi au rangi nyeusi, uichomeke kwenye tundu hilo na kuiacha hapo mchana na usiku. Kiache kibanda bila mtu kwa wiki moja, mbili zikiwezekana. Siku utakayoingia na kamera, utatoa chupa na kuingiza lenzi, na kwa ndege hakuna kilichobadilika.

Kuingia ni kabla hakujapambazuka. Hapa Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:25 na saa moja kamili, kutegemea mwezi, kwa hiyo saa 11:30 uwe umeshakaa. Mwombe mjomba akusindikize. Muingie wawili, kisha yeye atoke na aondoke wazi, bila kunyata, hata akipiga mluzi ni sawa. Ndege wa maji walio wengi hawatambui kwamba wameingia wawili akatoka mmoja. Wakimwona mtu anakwenda zake, mioyo inatulia. Wakati wa kutoka ni vivyo hivyo, aje kukuchukua. Usichomoke peke yako mbele yao, kwa sababu siku hiyo watajua siri ya kibanda na kazi ya wiki mbili itapotea asubuhi moja.

Nakuja kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, nacho ni jua na upepo wa Mwanza. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwanga mzuri wa asubuhi, ule wa dhahabu na baadaye ule mweupe laini, unadumu mpaka saa tatu tu hivi. Baada ya hapo kivuli kinaingia chini ya tumbo la ndege na macho yake yanazama. Asubuhi kaa upande wa mashariki wa bwawa utazame magharibi, jua likiwa mgongoni. Juni litachomoza likiwa limeegemea kaskazini kidogo na Desemba kusini, lakini upande ni huohuo.

Luchelele ina bahati yake. Ghuba ya Mwanza iko magharibi yenu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kuelekea majini. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga waliutegemea upepo huo kutoka, na ule wa mchana, unaogeuka na kuvuma kutoka ziwani, kuwarudisha. Ndege naye hutua akiukabili upepo. Unganisha mambo hayo: asubuhi jua liko mgongoni kwako mashariki, upepo unatokea huko huko, na ndege anayetua bwawani anakuja uso kwa uso nawe, mbawa zimefunguka, mwanga wote kifuani. Jioni kila kitu kinageuka, jua magharibi na upepo magharibi, nawe unahamia tuta la magharibi. Mtu wa pwani ya upande mwingine wa ghuba, huko Sengerema, hana zawadi hii. Wakati wa asubuhi upepo unamletea ndege wakimpa mgongo.

Lakini jua la mgongoni lina deni. Saa moja baada ya kuchomoza liko nyuzi 15 tu juu ya upeo, na kibanda cha mita moja na robo hutupa kivuli cha zaidi ya mita nne na nusu mbele yako, juu ya maji, mahali hasa ulipotaka ndege atue. Ndiyo maana nimekwambia kiwe kifupi. Na kijiti utakachomwekea mdiria atue usikichomeke mbele yako moja kwa moja. Kipeleke pembeni kidogo, kulia au kushoto, nje ya mstari wa kivuli.

Halafu shuka chini. Mabwawa yetu yana matuta, na ukikaa juu ya tuta unampiga ndege kutoka juu kama mtu anayetazama mbuzi kutoka dirishani. Kaa kwenye mteremko wa nje wa tuta, lenzi ikilala juu kabisa ya tuta, karibu kugusa nyasi. Chukua foronya ya zamani, weka kilo tatu za maharage, ifunge. Lenzi itatulia humo kuliko kwenye stendi, na inageuka bila kelele. Usilichimbe tuta bila ruhusa ya mjomba. Likianza kuvuja, samaki wake ndio watakaolipa.

Kijiti chenyewe kiwe chembamba kama kidole, kilichoinama, nusu mita au kidogo zaidi juu ya maji, mita tano kutoka kwako. Kichomeke karibu na bomba la kuingizia maji au kwenye kona yenye vifaranga vya samaki. Angalia na kilichoko nyuma yake: kama mafunjo yako mita kumi au zaidi nyuma ya kijiti, yatayeyuka kuwa pazia moja la kijani hata kwa lenzi yako. Yakiwa mita moja nyuma, utapata fujo ya mistari. Usifunge samaki hai kwa uzi kumvuta ndege. Nimeona watu wakifanya hivyo, na nimeona mdiria akimeza samaki na uzi wake.

Ukipata midiria ya madoadoa meusi na meupe, ile inayoelea angani ikipiga mbawa sehemu moja kabla ya kujitosa, kaa nayo. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja. Na kuna alama moja ya kukusaidia kujua kitakachofuata. Mdiria akishamuua samaki kwa kumpigiza kijitini, mtazame anavyomgeuza mdomoni. Kichwa cha samaki kikielekea kooni, anakwenda kummeza sasa hivi, una sekunde mbili. Kichwa kikielekea nje, anampelekea mwenzake, kwa sababu samaki humezwa kichwa kwanza ili mapezi yasikwame kooni, na mpokeaji lazima akipate kichwa mbele. Hapo usipige picha za haraka kumaliza kadi. Fuata anakotazama, maana kuna ndege mwingine karibu na picha ya kupokezana samaki inakuja.

Tena huyo mpelekaji huenda si baba wa vifaranga. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliichunguza midiria hii upande wa Kenya, kwenye ziwa letu na kwenye Ziwa Naivasha, akakuta madume wasio na familia wanaosaidia kulisha watoto wa wengine, na kwamba Ziwa Victoria, ambako kupata chakula cha kutosha kulikuwa kugumu zaidi, wenye viota waliwapokea wasaidizi hao kwa urahisi kuliko Naivasha. Mimi nilipolijua jambo hilo nilianza kuweka picha zangu zote za mdiria mwenye samaki, hata zile zenye ukungu, kwa sababu zinaonyesha nani alimlisha nani.

Kuhusu namba: ndege aliyetulia, kasi ya shata ya sekunde 1/500 inatosha, anayeelea au anayeruka, 1/2000, anayejitosa, 1/3200 kama mwanga unaruhusu. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 bila hofu. Chembechembe zinasafishika, mtikisiko haufutiki.

Yangeyange ndio waliokuchosha, nami nakuelewa. Kamera yako inapima fremu nzima, na fremu yako ni maji meusi na mafunjo yenye ndege mmoja mweupe katikati. Inaona giza, inaongeza mwanga, ndege anaungua. Weka kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe, washa ile alama ya kumetameta kwa sehemu zilizoungua, piga picha moja ya majaribio, punguza mwanga mpaka mgongo wa ndege uache kumetameta. Mara nyingi utajikuta umepunguza kati ya theluthi mbili ya hatua na hatua nzima (hatua moja ni kupunguza mwanga kwa nusu) chini ya kile kamera ilichotaka. Maji yatakuwa meusi zaidi, yaache, yanampendeza. Mnandi akija mahali hapo kwa mwanga huohuo usibadilishe kitu, isipokuwa ukitaka manyoya yake meusi yaonekane moja moja, hapo ongeza kidogo. Piga faili ghafi (RAW), siyo JPEG peke yake. Na kama unataka mazoezi ya haraka, nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi moja. Yangeyange na kongoti wa pale wamezoea watu, watakusogelea. Waombe ruhusa wachuuzi kwanza, wengine hawapendi kuingia kwenye picha, na ni haki yao.

Hukuniuliza kuhusu sile-maua, lakini kama bwawa lina yungiyungi au magugu maji huenda yupo: mwili wa hudhurungi, paji la bluu, vidole virefu vinavyomwezesha kutembea juu ya majani. Kwa ndege hawa jike hutaga na kwenda kwa dume mwingine. Dume ndiye anayeatamia na kulea. Asubuhi moja pale kwenye mafunjo ya Igombe nilimwona dume amesimama juu ya jani, miguu minane ikining'inia. Nilidhani macho yamechoka. Kisha akainua bawa la kushoto, na vifaranga viwili vikadondoka kutoka kwapani, laini, vyenye miguu mirefu kuliko miili yao, vikaanza kukimbia juu ya majani. Vingine viwili vikatoka kulia. Alikuwa ameviokota vyote vinne na kuvibana kwapani kwa sababu tai mlasamaki alikuwa akizunguka juu. Nilikuwa na lenzi ya 300, ndege yuko mita sita, nami nilikuwa nimekaa pale saa mbili na nusu bila kunyoosha mguu. Ile ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga ziwani.

Ipo pia asubuhi nisiyoisahau kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuta kiota cha korongo mdogo ndani ya matete, na matete matatu yalikuwa yanaziba jicho la mama. Niliyakata. Nilipata picha yangu. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu, na kwenye tope kulikuwa na mburuzo wa mkia wa kenge uliopita pale pale nilipofungua mlango. Mayai yale mama aliyaficha, mimi nikayaonyesha. Tangu siku hiyo sikati jani mbele ya kiota, sikai mbele ya kiota zaidi ya dakika chache, na siweki picha ya kiota ikionyesha mahali kilipo. Nawe nakuomba sana ufanye hivyo, hasa mvua za masika zikianza na ndege wengi wakiwa kwenye kujenga. Wakiacha mayai kwa ajili yako, jua letu la saa nne linatosha kuyaua.

Usalama wako sasa. Waulize wavuvi wa hapo kama viboko hupanda kula majani usiku na njia yao iko wapi. Kibanda kisiwe kati ya malisho na maji, maana kiboko anayerudi ziwani alfajiri hazunguki. Kama kuna mamba, usilale na lenzi ukingoni mwa ziwa lenyewe, baki bwawani. Usiingie majini kwa miguu mitupu hata kifuniko cha lenzi kikidondoka, kwa sababu maji yaliyotulia yenye magugu na konokono ndiyo nyumba ya kichocho. Vaa mabuti marefu ya mpira. Na kwa kuwa uko karibu na ziwa, kumbuka Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Fito na turubai utakavyoviondoa kazi ikiisha si shughuli ya kudumu, lakini usije ukamimina zege. Mweleze mwenyekiti wa mtaa unachofanya kabla hajaambiwa na mwingine kwamba kuna mtu anajificha mafunjoni na kifaa kirefu cheusi.

Kama wiki hizo mbili za kusubiri zinakuwa ndefu, panda boti uende Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iko dakika chache tu kutoka mjini, na ndege wa mle hawajazoea kupigwa mawe.

Siku ya kwanza ya kuingia kibandani usibebe kamera kabisa. Ingia na daftari na chupa ya maji. Andika nani anatua wapi na saa ngapi, upepo unatoka upande gani, kivuli chako kinafika wapi saa moja na nusu na kinarudi wapi saa mbili na nusu. Mdiria ana desturi zake, atarudi kijiti kilekile karibu saa ileile. Ukishamwandika siku mbili mfululizo, nitumie hayo maandishi na mchoro wa bwawa, nikuambie kijiti ukichomeke wapi.